Je, Maktaba Inajibu Swali Lako?

Natumaini mmekwisha kukaa, madaftari yako wazi na penseli zimechongwa. Mwalimu, tafadhali weka chaki karibu, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo ubaoni.

Katika masomo yaliyopita tulisoma barua, tukasoma gazeti, tukasoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Leo twaingia maktaba. Lakini sitazungumza juu ya vitabu vyenyewe. Nitazungumza juu ya kile kinachosimama kati ya msomaji na vitabu, yaani chombo cha kutafutia.

Chombo cha kutafutia ni kitu gani? Katika maktaba nyingine ni kabati lenye droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Kila kadi ina jina la kitabu, jina la mwandishi, na namba ya rafu. Katika maktaba nyingi siku hizi ni kompyuta: unaandika maneno, nayo inakuonyesha orodha ya vitabu. Wengine wenu hutafuta kwa simu ya mkononi. Kabati, kompyuta na simu, kazi yao ni moja. Mtu analeta swali, chombo kinamwonyesha mahali pa kutazama.

Sasa fikirini jambo hili. Mama mmoja amejifunza kusoma mwaka jana. Kuku wake wanakufa, watatu leo, wanne kesho. Anaingia maktaba na swali lake kichwani: “Kwa nini kuku wangu wanakufa?” Anatafuta neno hilo, “kuku wanakufa,” haoni kitu. Kumbe kitabu kipo, tena kiko rafu ya pili mkono wa kulia. Lakini aliyeandika kadi yake aliandika: “Ndege wafugwao: magonjwa.” Mama yule anarudi nyumbani. Anasema nini moyoni? Anasema, “Mambo ya maktaba si yetu sisi tuliosoma ukubwani.”

Hapo ndipo penye hasara. Kuku wamekwisha, na zaidi ya kuku, mama amejihukumu mwenyewe. Leo nataka tujiulize: kosa lilikuwa la mama, au la chombo? Na je, yuko njia gani mtu atakayetaka kujua kwa hakika, bila kubahatisha?

Njia ipo. Chombo cha kutafutia hupimwa, kama vile mizani ya dukani inavyopimwa. Wako watu waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na habari zao zina faida kwetu.

Kwanza tujifunze vipimo viwili. Chukueni mfano wa mvuvi. Mvuvi akivuta wavu wake, yafaa ajiulize maswali mawili. Swali la kwanza: kati ya samaki wote niliokuwa nawataka pale majini, nimekamata wangapi? Swali la pili: kati ya vitu vyote vilivyomo wavuni, ni vingapi samaki ninaowataka, na ni vingapi majani, vijiti na takataka? Mwenye juya lenye macho madogo atakamata karibu kila kitu, lakini atashinda akichambua takataka. Mwenye jarife lenye macho makubwa hatapata takataka nyingi, lakini samaki wengi watampita.

Na chombo cha maktaba ni hivyo hivyo. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni. Tuseme maktaba ina vitabu 10 vinavyojibu swali la yule mama. Chombo kimemwonyesha vitabu 20. Kati ya hivyo 20, ni 6 tu vinavyojibu swali lake. Haya, tupige hesabu. Kipimo cha kwanza: amepata 6 kati ya 10 vilivyokuwapo, yaani 60 katika kila 100. Kipimo cha pili: 6 ni vya kweli kati ya 20 alivyopewa, yaani 30 katika kila 100. Andikeni hesabu hiyo katika madaftari. Kipimo cha kwanza chatuambia chombo kimeacha nini. Kipimo cha pili chatuambia kimemsumbua mtu kiasi gani.

Nanyi mtaona kwamba kwa kawaida ukivuta kipimo kimoja juu, kingine hushuka. Ukitaka upate vyote, utapewa na takataka. Ukitaka usipewe takataka, utakosa baadhi ya unavyovitaka.

Sasa nitawasimulia jinsi kazi ya kupima ilivyoanza kufanywa kwa utaratibu. Twende Uingereza, mahali paitwapo Cranfield, ambapo palikuwa na chuo cha elimu ya ndege. Mkutubi wa chuo hicho alikuwa Bwana Cyril Cleverdon. Wakati ule wakutubi walikuwa wakibishana sana. Mmoja alisema njia bora ya kupanga habari ni hii, mwingine alisema ni ile, na kila mmoja alisifu njia yake kama mchuuzi asifuvyo embe zake. Cleverdon akaona ubishi hautakwisha mpaka njia hizo zijaribiwe.

Mwaka 1957 kazi ikaanza. Yalikusanywa maandishi 18,000 juu ya elimu ya ndege, yakapangwa kwa njia nne. Njia ya kwanza iliipa kila mada namba. Ya pili ilitumia vichwa vya mada vilivyopangwa kwa alfabeti. Ya tatu iliigawa kila mada vipande vipande na kuviunga kwa kanuni maalumu. Ya nne ilikuwa nyepesi kuliko zote: ilichukua neno moja moja tu kutoka katika maandishi, na mtafutaji akaweza kuyaunganisha maneno hayo mwenyewe. Kisha yakaulizwa maswali 1,200.

Matokeo yakawaje? Njia zote nne zilikaribiana. Iliyokuwa nyuma ilipata kama 74 katika kila 100, na iliyotangulia ilipata 82. Na iliyotangulia ni ile nyepesi, ya neno moja moja. Watu waliotumia maisha yao kutunga kanuni ngumu hawakufurahi.

Lakini wakosoaji wakasimama, na ukosoaji wao ulikuwa na maana. Waliuliza: maswali yale 1,200 yametoka wapi? Yalikuwa yametungwa kwa kutazama maandishi yale yale yatakayotafutwa. Mtu alichukua andiko, akalisoma, akatunga swali ambalo andiko hilo lingelijibu. Kisha chombo kikahesabiwa kimefaulu kama kililirudisha andiko hilo. Ndugu wanafunzi, mwaona hatari? Ni kama mwalimu anayetoa mtihani kwa kunakili sentensi za kitabu. Mwanafunzi aliyekariri maneno atafaulu, wala hatutajua kama ameelewa. Mtu mwenye shida halisi hajakiona kitabu. Hajui mwandishi ametumia maneno gani. Swali lake linatoka katika shida yake.

Cleverdon akaanza upya, na taarifa ya kazi hiyo ya pili ikatolewa mwaka 1966. Safari hii maandishi yalikuwa machache, 1,400, lakini maswali yalitafutwa kwa njia nyingine. Aliwaandikia wataalamu waliokuwa wamechapisha utafiti wao, akawaomba waseme: ni swali gani lililokufanya uianze kazi yako? Hivyo maswali yalitoka kwa watu waliokuwa na haja nayo. Maandishi yakasomwa na kulinganishwa na maswali, na wenye maswali wenyewe wakatoa hukumu: hili lanifaa sana, hili kidogo, hili halinifai. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye swali ndiye ajuaye kama amejibiwa.

Na matokeo yalishangaza tena. Maneno ya kawaida, yaliyochukuliwa kama mwandishi alivyoyaandika, yalifanya kazi vizuri kuliko mipango mingi yenye kanuni ngumu. Jambo lililosaidia ni dogo: kuyaunga pamoja maumbo ya neno moja, ili anayetafuta kwa umbo hili apate na lile. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Tuvuke bahari sasa, twende Marekani. Karibu na mji wa Washington iko Maktaba ya Taifa ya Tiba. Mwaka 1964 maktaba hiyo ilianza kutumia kompyuta kutafuta maandishi ya udaktari. Daktari aliandika swali lake, mtumishi wa maktaba akaligeuza kuwa maneno ya mtambo, na baadaye daktari akatumiwa orodha. Bwana F. Wilfrid Lancaster, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Cleverdon, alipewa kazi ya kuupima mtambo huo. Hakutunga maswali. Alichukua maswali 300 hivi yaliyoletwa na watu waliokuwa na haja, akafuata kila swali tangu lilipoandikwa mpaka jibu lilipofika. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1968.

Aliona nini? Kwa wastani mtambo ulipata kama 58 katika kila 100 ya maandishi yaliyofaa. Na katika orodha iliyotumwa, kama nusu tu ndiyo iliyohusu swali. Huo ulikuwa mmojawapo wa mitambo mikubwa ya zamani zake, na waulizaji walikuwa madaktari na watafiti. Basi nawaambia, yule mama wa kuku asijione mjinga. Hata daktari mwenye shahada mbili alikosa karibu nusu ya alichokihitaji, wala hakujua kwamba amekosa.

Lancaster hakutosheka na kuhesabu. Alishika kila andiko lililokosekana akauliza: limekosekana kwa sababu gani? Wakati mwingine aliyelipanga andiko hakulitia neno linalofaa. Wakati mwingine mtafutaji alitafuta kwa njia nyembamba mno. Wakati mwingine msamiati wa mtambo haukuwa na neno lenyewe. Na kama robo ya maandishi yaliyokosekana yalipotea kabla mtambo haujaguswa: swali lililofika mtamboni halikuwa swali lililokuwa moyoni mwa muulizaji.

Tena aligundua jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Waliokwisha andika swali kwa maneno yao wenyewe, kwa jumla walijibiwa vizuri kuliko wale waliozungumza kwanza na mtumishi ndipo swali likaandikwa. Kwa nini? Kwa sababu katika mazungumzo swali lilianza kukatwa ili lilingane na maneno ambayo mtambo unayajua. Muulizaji akaona haya, akakubali, na swali lake likabaki nje ya mlango.

Mwaka huo huo wa 1968 mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Taylor, alieleza jinsi swali linavyopita ngazi nne. Ngazi ya kwanza, mtu anahisi anakosa kitu, lakini hana maneno ya kukisema. Ya pili, jambo limeingia akilini, bado lina ukungu. Ya tatu, anaweza kulisema wazi. Ya nne, analikata swali lake ili lifanane na kile anachodhani maktaba inacho. Mtu anayetaka kujua kwa nini kuku wake wanakufa hufika mbele ya meza akasema, “Naomba kitabu cha ufugaji.” Anapewa kitabu cha kujenga mabanda, anashukuru, anakwenda zake.

Sasa turudi kwenye lugha yetu. Nilisema mlikumbuke jambo la maumbo ya neno. Kiingereza hubadilisha maneno yake zaidi upande wa mkia. Kwa hiyo wataalamu wakatunga kanuni za kukata mikia ya maneno, kama alivyofanya Julie Beth Lovins mwaka 1968 na Martin Porter mwaka 1980. Kanuni za namna hiyo zilienea sana. Lakini Kiswahili hubadilika mwanzoni pia. Mtoto, watoto. Kitabu, vitabu. Jino, meno. Chukueni neno moja tu, kufuga: nafuga, anafuga, wafugaji, ufugaji, mifugo, wafugwao. Mkia ukikatwa, bado kichwa kimebadilika. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza tu hakitajua kwamba maneno hayo ni ndugu.

Na kuna jambo la pili. Watu wa bara husema nyanya, Unguja husema tungule. Ugonjwa wa kuku ambao wengi huuita mdondo, wengine huuita kideri. Mwenye kadi akiandika jina moja tu, nusu ya wasomaji wamefungiwa mlango. Maneno yao ni Kiswahili safi, ila aliyeandika kadi hakuwauliza.

Tanzania ilifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1967. Kenya ilianzisha bodi yake ya maktaba ya taifa mwaka 1965. Tangu siku zile maktaba za umma zimejengwa katika miji mingi. Kujenga nyumba na kununua vitabu ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini kitabu kisichoonekana ni sawa na kitabu kisichonunuliwa. Ndiyo maana yafaa tupime, tena tupime kwa maswali ya watu wetu.

Basi nawapa kazi, na kazi hii darasa lolote laweza kuifanya. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hatua hizi tano.

Hatua ya kwanza. Kila mwanafunzi aende kwa jirani mmoja amwulize: “Ni jambo gani unalotaka kujua wiki hii?” Aliandike kama lilivyosemwa. Asilitengeneze, asilifupishe. Mtu akisema, “Mtoto anaharisha usiku, nimpe nini?” ndivyo liandikwe.

Hatua ya pili. Swali liandikwe kabla ya kutazama rafu wala kadi. Ukitazama kwanza, utaanza kutunga swali linalolingana na ulichokiona, na kipimo chako kitaharibika.

Hatua ya tatu. Nendeni maktaba, au tumieni simu kama maktaba iko mbali. Tafuteni kwanza kwa maneno yale yale ya jirani. Kisha geuzeni maumbo: anaharisha, kuharisha, kuhara, mtoto, watoto. Kila mara andikeni: vimetokea vingapi?

Hatua ya nne. Mpelekee jirani ulichokipata, mkisome pamoja. Yeye ndiye atakayesema kama amejibiwa. Asihukumu mwalimu, wala asihukumu mkutubi.

Hatua ya tano. Kwa kila swali lililokosa jibu, tafuteni sababu. Je, kitabu hakipo kabisa? Au kipo lakini kadi ina neno jingine? Au swali lilikatwa njiani? Sababu hizi tatu zina dawa tatu tofauti. Ya kwanza yataka fedha za kununua kitabu. Ya pili yataka mstari mmoja uongezwe kwenye kadi. Ya tatu yataka uvumilivu wa kusikiliza.

Mkimaliza, andikeni orodha kwa usafi, mumpelekee mkutubi wenu kwa adabu. Msiende kumlaumu. Mkutubi mwema atafurahi, maana yeye akikaa mezani humwona aliyeuliza. Aliyerudi nyumbani kimya hamwoni. Orodha yenu itamwonyesha watu hao.

Na wewe uingiapo maktaba peke yako, andika kwanza swali lako kwa maneno yako mwenyewe, katika karatasi. Kisha nenda kwa mkutubi, mpe karatasi hiyo, zungumza naye. Mazungumzo yanafaa sana, mradi swali lako limekwisha andikwa. Akikupa kitabu kisichojibu, mwambie, “Ahsante, lakini swali langu ni hili hapa.” Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili ni haki yako.

Wiki ijayo tutajifunza kutumia faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Mpaka hapo, kwaherini.

MASWALI YA DARASANI

1. Maktaba ina vitabu 8 vinavyojibu swali lako. Umeonyeshwa vitabu 12, na 4 kati yake ndivyo vinavyojibu. Toa vipimo vyote viwili.

2. Kwa nini maswali ya jaribio la kwanza la Cranfield hayakuwatosheleza wakosoaji? Eleza kwa maneno yako.

3. Andika maneno matano yanayotokana na neno “lima.” Je, mtu akitafuta kwa moja, atapata mengine katika maktaba yenu?

4. Taja kitu kimoja chenye majina mawili katika wilaya yenu. Mkutubi aandike jina lipi kwenye kadi? Jadilianeni.